Mbaazi za Wapangaji wa Ng'ambo

Baba Mutua,

Leo nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia uani. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyenichekesha.

Unakumbuka ulivyochukua akiba yako ya kustaafu ukanunua hisa za amana moja ya uwekezaji kwenye soko la hisa la London, ile yenye nyumba za kupangisha huko Uingereza? Soko zima la Mukuyuni lilikucheka. Mtu ana nyumba ng'ambo, na anamolala mnavuja! Mvua ikinyesha, mimi nakimbia na sufuria, wewe umekaa na chai yako: "Mama Mutua, usijali, kule kwetu hakuvuji." Nilitamani kukumwagia hiyo sufuria.

Na mbaazi zako! Kila mavuno ulitenga debe la wapangaji, marufuku kugusa. Ulisema anayelala nyumbani kwako ni mgeni wako, na mgeni hali makombo. Nikakuuliza Mzungu wa Uingereza atakulaje mbaazi za Mukuyuni. Ukajibu tu, "Siku moja watakuja." Wakaja wadudu.

Ulipotuacha, hata udongo wa kaburi haujakauka, ndugu yako Kilonzo akafika. Tone likamwangukia ndani ya chai. "Shemeji, uza hiyo makaratasi uweke mabati. Hata hizo nyumba zenyewe hujawahi ona." Alisema kweli, na mimi nilikuwa nimechoka na sufuria. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini nilikuona akilini ukipita sokoni kifua mbele, kofia imelala upande, mwenye nyumba. Nikashindwa kukunyang'anya hilo. Nikamwambia tungoje kwanza gawio la mwaka, faida ya hizo hisa.

Limekuja, Baba Mutua! Halikutosha nyumba nzima. Limetosha mabati ya chumba cha vijana wetu, ambao wako Mombasa na hawana haraka ya kurudi. Fundi hajaondoka vizuri, akaja binti wa Ikutha, Mwalimu Mwikali, aliyeletwa shule yetu. Anatafuta chumba. Swali lake la kwanza: "Mama, huku kunavuja?"

Leo mvua imenyesha kweli kweli. Nilikuwa chumbani kwangu, napanga sufuria, mara nikajisikia nikisema kwa sauti, "Si kitu, kwa mpangaji hakuvuji." Hapo ndipo nilipocheka. Kisha nikalia kidogo, sikufichi. Nimekukumbuka sana.

Debe la mwaka huu nilikuwa nimelitenga kwa mazoea tu. Nimelibeba mpaka mlangoni kwa Mwikali. Akashangaa, akauliza ni za nini. Nikamwambia zimetoka kwa mwenye nyumba, zimemngoja miaka mingi.

Hisa siuzi, nakuahidi. Kilonzo aje na mwavuli. Gawio lijalo ni la paa langu, isipokuwa atokee mpangaji mwingine, maana naona huu ugonjwa wako umeniingia. Na debe la mbaazi litatengwa kila mavuno.

Lala pakavu, mume wangu. Mimi huku naimwaga sufuria.

Wako,
Mama Mutua