Uliyenisukuma Kupanda Isongole

Kwako Baba Sekela, uliyelala chumba cha uani kwa dada yako kule Kiwira,

Dada yako alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, mkungu wa ndizi kichwani na machozi tayari machoni. Nilijua kabla hajakaa. Mtu hatoki Kiwira mpaka Ibighi kuwaletea ndizi watu wenye migomba tele kama hana neno zito. Alisema nyonga yako haijaunga tangu bodaboda ilipokuangusha Mbeya. Alisema yule mwenzako amerudi kwao na hapokei simu. Alisema yeye, wifi yangu, mgongo umekwisha kwa kukuinua, na kwamba mimi bado ni mke wako, maana hakuna aliyetutenganisha kanisani. Akamalizia na ujumbe ulioutuma wewe mwenyewe.

"Anasema ukumbuke alivyokuwa anakusukuma mlimani, Mama Sekela. Anasema sasa ni yeye anayehitaji kusukumwa. Mchukue, wifi yangu, akae kwako."

Nilimmiminia chai. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, kwa ndizi, ila jibu nitampa mwenyewe. Hili ndilo jibu. Naandika hapa kwenye kundi la simu la klabu yetu ya baiskeli, ambako wewe bado ni mwanachama kwa kuwa hakuna aliyepata moyo wa kukutoa, na naandika mbele ya wote kwa sababu utakayoiona ukifika katikati. Kama mikono inatetemeka, dada yako akushikie simu.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo na sitaki kuyakana. Ulinifundisha baiskeli nikiwa tayari mama wa mtoto, kwenye uwanja wa shule hapa Ibighi, watoto wa mtaa mzima wamekaa kwenye nyasi kunitazama. Nilivaa sketi juu ya suruali kwa kuwaogopa wazee wa kanisa. Nilianguka kwenye tope, ukacheka, nikacheka, ukavua fulana yako palepale ukanifuta nayo uso. Wakati ule ungeniambia twende Kyela na kurudi bila kunywa maji, ningekwenda.

Klabu ilipoanza tulikuwa wa kwanza kujiandikisha. Unazikumbuka zile Jumamosi? Mwalimu Lugano, kapteni wetu, mstaafu mwenye filimbi shingoni, akitupanga barabarani kama bado yuko gwaride la shule. Asubuhi yenye manyunyu, harufu ya majani ya chai, watu wa Kyimo wakitupungia mikono na kutuuliza tumemkimbia nani. Kiwira tunasimama kula maandazi. Halafu barabara inaanza kuinuka kwenda Isongole, na soga zote zinakatika.

Hapo ndipo ilipokuwa desturi ya mkono. Mwenye nguvu anamwekea kiganja mgongoni aliyechoka, anamsukuma huku na yeye anapiga pedali zake. Kwa wengine mkono ulikuwa wa zamu. Kwangu ulikuwa wako peke yako. Miguu yangu ikishawaka moto, nasikia cheni yako inasogea nyuma yangu, kisha kiganja, katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega. "Tulia, Mama Sekela, nipo." Nilikupenda kwa kile kiganja kuliko kwa kitu kingine chochote ulichowahi kunipa. Niliona aibu kwa uchovu wangu, na wakati huohuo niliona fahari. Wanawake wa kwaya waliniambia mimi nimepata mume, wao wameolewa na magunia ya viazi.

Ila kuna jambo lilikuwa linanitatiza, na nilikuuliza mara nyingi. Tukigeuza Isongole kurudi, wenzetu wote waliteremka bila kupiga pedali, mabega yamelegea, wanapiga soga. Mimi nilipiga pedali kwenye mteremko. Hebu fikiria, mtu anatoka jasho kwa kushuka! Ukaniambia mimi mwepesi, mteremko unataka uzito. Nikaamini, nikaongeza ugali. Siku nyingine tulipofika Kyimo niligusa rimu ya nyuma ikaniunguza kidole. Ukaniambia ni jua. Jua, Baba Sekela. Na sote tulikuwa tumevaa makoti ya mvua.

Niliamini na hilo. Kila Ijumaa jioni uliiosha baiskeli yangu uani, ukaipaka mafuta, ukakaza hapa na pale, na mimi nilikatazwa kuigusa. "Breki za mke wangu nazishughulikia mwenyewe," uliwaambia majirani. Wakakusifu, na kuna mmoja aliwahi kumgombeza mumewe kwa ajili yako.

Kisha akaja yule binti wa duka la dawa la Msasani ya hapa kwetu, na helmeti yake mpya na soksi nyeupe ambazo tope la Tukuyu lilikuwa halijazijua. Simtaji jina. Ameshaonja alichoonja. Jumamosi ile nilikuwa nyuma yenu, ndiyo nafasi yangu ya siku zote, nikaona mkono wako wa kulia unaacha usukani. Nikasubiri urudi nyuma unitafute. Mkono ukaenda mbele, ukatua kwenye mgongo wake, katikati, chini kidogo ya mabega. Ukageuza shingo tu. "Mama Sekela, leo jitahidi." Mkaingia kwenye ukungu.

Nilijitahidi. Mwisho nilishuka nikaikokota, na hata kuikokota ilikuwa kazi. Akina mama wanaouza viazi kando ya barabara waliniuliza kama hiyo ni baiskeli au ng'ombe amegoma. Nilipofika juu mlikuwa mmeshakunywa chai na vikombe vimeoshwa. Hakuna aliyenitazama usoni. Nilidhani wananionea huruma kwa sababu ya ule mkono, na badala ya kukuchukia wewe nikajichukia mimi. Nikasema, laiti ningekuwa na nguvu, mume wangu asingechoka kunisukuma. Miezi yote ile, hadi ulipohamia naye Mbeya na hata baada ya hapo, niliichukia miguu yangu mwenyewe. Hilo ndilo nisilokusamehe. Wanawake wameachwa tangu dunia ianze, na mimi si wa kwanza.

Baiskeli niliitupia jiko la nje, kuku akaanza kutagia chini yake. Ingebaki hapo mpaka leo kama Sekela asingeiomba ya kwendea shule. Tairi la nyuma lilikuwa halina upepo. Niliigeuza kichwa chini miguu juu, mara ya kwanza maishani mwangu, nikalisukuma gurudumu nitafute msumari. Likagoma. Nikainama kutazama. Raba za breki zilikuwa zimeibana rimu pande zote mbili, na waya wa breki ulikuwa umevutwa, ukakunjwa, ukafungwa na kipande cha waya mwingine ili usije ukalegea wenyewe. Rimu ilikuwa imechimbika kwa kusuguliwa. Ile haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa kazi safi, ya mtu mwenye subira, ya Ijumaa nyingi.

Nilikikata kile kiwaya kwa kisu cha kumenyea ndizi. Gurudumu likazunguka, likaendelea kuzunguka. Sekela akaniuliza, "Mama, sasa unalia nini, si limepona?"

Na bado nilikutetea, ujinga wangu huo. Nikajiambia labda uliogopa nisije nikaanguka mteremkoni. Labda ulikaza ukasahau. Jumamosi nikaenda klabu. Kiwira sikula andazi. Barabara ikaanza kuinuka, nikayasubiri yale maumivu, na hayakuja. Nikawapita vijana wa kiwanda cha chai. Nikampita Mwalimu. Nilifika Isongole peke yangu, nikanunua karoti, nikaiosha, nikaila yote, ndipo wakaanza kutokeza mmoja mmoja kwenye ukungu wamefunua midomo.

Mwalimu Lugano akashuka kwenye baiskeli. Hakusema hongera, wala hakuniuliza nimekula nini. Alisema, "Kumbe umeilegeza."

"Nimelegeza nini, Mwalimu?"

Akatazama viatu vyake. Wengine wakaanza kukagua matairi yao, kana kwamba yote yametoboka kwa pamoja. Nikamwuliza tena, na safari hii nilimshika ukosi.

"Alituambia ni utani wa nyumbani," akasema. "Alisema, yule nikimlegezea, nitakuwa naona mgongo wake tu mpaka Uyole. Tukacheka. Tukaona ni mambo ya mtu na mkewe, Mama Sekela, tungeyaingiliaje?"

Walijua wote. Kila Jumamosi walinipigia makofi nikifika juu nimesukumwa, na walijua. Sasa unaelewa kwa nini nakujibu hapa na si pembeni. Wao nao wasome.

Waliniomba radhi, nikaipokea kwa mdomo. Tangu hapo naongoza mimi, na sipunguzi mwendo. Mkono nimeufuta, hakuna anayemsukuma mtu kwenye klabu hii. Mwalimu amezeeka, magoti yanamuuma, namsikia nyuma anahema na simngoji. Juzi alitapika kando ya barabara hapo juu ya Kiwira. Nikapunguza kidogo, nikageuza shingo, nikamwambia, "Mwalimu, leo jitahidi." Nilirudi nyumbani nikala vizuri nikalala vizuri. Mwalimu, najua unasoma. Jumamosi usichelewe.

Utasema nimekuwa katili. Ndiyo, nimekuwa. Nilikuwa mpole nilipodhani mimi ni dhaifu, na ule upole uliokuwa ukiusifia mbele za watu ulikuwa umeutengeneza mwenyewe kwa koleo. Na ulivyo na uso mkavu, ukalala hapo na nyonga yako, ukatafuta neno la kunilainisha, ukaona bora unikumbushe mlima! Ulidhani sijui. Nakwambia leo kwamba najua, ili ukiwa umetazama dari usipate hata hilo la kujifariji.

Dada yako alisema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia ni kweli, wifi, ndwele iko chumba chako cha uani. Akacheka bila kupenda, maskini, halafu akalia. Yeye sina ugomvi naye. Kuna saa alipokuwa analia nilikaribia kusema ndiyo. Nisikudanganye. Nilikuona umelala pale unasubiri mtu wa kukugeuza, nikakumbuka ile fulana yenye tope, na moyo ukaniuma kama wa mtu mwingine yeyote.

Jioni ile nikamwuliza Sekela, maana ni baba yake. Akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyo safi. Kisha akasema, "Baba akija nitamwuguza mimi. Shule nitaiacha kwa muda tu. Wewe endelea na Jumamosi zako, mama."

Alilisema kwa sauti ya upole. Naijua sauti ile, ilikuwa yangu. Nikamwona miaka yote ijayo ameinama kando ya kitanda chako, anakugeuza, anakulisha, wewe unamwambia hakuna binti kama yeye, majirani wanamsifu, na yeye hajui kwa nini amechoka hivyo. Hapo moyo wangu ukajikaza.

Kwa hiyo, hapana. Hutakuja Ibighi. Sekela akitaka kukuona atakuja mchana, atakaa, atarudi, na kesho yake ataamkia darasani. Unga na sabuni nitamtumia dada yako kwa ajili ya mgongo wake. Usimtume tena na ndizi. Usimtume mchungaji, maana kwa mchungaji nitaieleza ile breki kinaganaga, na utakosa hata wa kukuombea. Wakikupakia kwenye bajaji wakakushusha langoni kwangu, utanisikia ndani napika, na lango halitafunguliwa, mvua inyeshe isinyeshe.

Ila jambo moja dada yako asihangaike nalo. Siku utakayokufa nitakuja, na nitakuwa wa kwanza kufika. Nitakuosha kama desturi inaniruhusu, nitapika, nitawalaza wageni, nitavaa nyeusi, nitalia mpaka Kiwira nzima iseme kweli yule mama alimpenda mumewe. Na sitakuwa naigiza. Nguo nimeshashonesha, iko kabatini, nimeijaribu na imenikaa vizuri.

Mjane wako, bado nasubiri,
Mama Sekela