Chumvi Kwenye Kopo la Sukari

Mama watoto,

Usiguse kopo la sukari, lina chumvi. Nililijaza mimi mwenyewe jana, halafu asubuhi hii nikaitema chai na kukufokea mbele ya watoto! Sukari iko kwenye chupa ya bluu. Nguo nimeanika, mvua ikija zianue.

Kanisani kazi yangu ni kusimama mlangoni na kupokea watu nisiowajua kwa mikono miwili. Wewe nakupokea kwa makelele. Upendo gani wa Kristo huo, unaoishia getini?

~~Samahani kama umeumia.~~ Samahani, nimekuumiza.

Watoto nitawaambia mwenyewe.

Jioni nitabisha hodi. Usifungue mpaka nikusalimie vizuri kuliko wageni wa Jumapili.

Baba watoto