Jiwe la Keza Lisilonasa Pini

Jumatano, 11 Machi
Keza anaenda Ulaya! Mwanangu, wa tumbo hili hili! Nilikuwa nageuza sambaza, visamaki vyetu vya ziwani, juani hapa Rubona, simu ikalia. Nusu ya sambaza zikamwagika, sikujali. Maabara ya huko inataka kupima jiwe alilolikuza mwenyewe huko Kigali miezi minane, kama chumvi inavyoganda. Anaondoka Jumatatu. Atapita kuniaga. Mwalo mzima, kila anayeshusha na kuuza samaki hapa, unajua, nimehakikisha.

Ijumaa, 13 Machi
Amefika nalo. Dogo kama punje ya mahindi, kijani, ndani ya kichupa kilichozibwa. Kanieleza. Ndani yake mna sumaku ndogo mno, zimejipanga tatu tatu, tabaka nyembamba nyembamba. Kila moja inataka kuelekea kinyume na jirani yake. Mbili zikipatana hivyo, ya tatu haina pa kuelekea. Hata kwenye baridi kali kuliko ya barafu hazitulii. Kama kwaya yetu yenye viongozi watatu, nikasema. Akacheka sana. Niliishia darasa la sita, lakini nimeelewa. Akili hizo kazitoa wapi? Kwangu.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeharibu.
Keza alikwenda kumsalimu shangazi yake kule Kanama, akaacha kichupa nyumbani. Nikawaita wauza samaki wenzangu waje waone. Mama Shukuru akagusisha pini kwenye kichupa. Ikaanguka. "Sumaku gani hii haishike hata pini? Bon, mutoto amekudanganya, mama!" Wakacheka wote. Damu ikanichemka. Nikasema kioo ndicho kinazuia, nikavunja shingo ya kichupa. Kwetu samaki haaminiwi mpaka ashikwe. Jiwe likapita mkono kwa mkono, wanawake saba. Pini haikunaswa. Keza aliporudi jioni lilikuwa limelowa lote, kama chumvi siku za mvua.

Jumapili, 15 Machi
Ni unyevu wa hewa ya ziwa ulioliharibu. Na mimi ndiye ninayeanika sambaza, ninayejua unyevu unavyoharibu! Keza hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema tu kwamba kutonasa pini ndio uzuri wake: zile sumaku hazijakubaliana, hivyo hazivuti pamoja. Aliyasema hayo Ijumaa. Nilichekwa, nikasahau. Hakuna jiwe, hakuna safari. Amewaandikia watu wa maabara kwamba kichupa kilivunjika. Hakunitaja. Hilo linaniuma kuliko yote.

Jumanne, 17 Machi
Keza yuko Kigali, anaanza upya. Miezi minane mingine. Huku mwaloni wanasema safari haikuwepo, binti alimdanganya mama yake. Nimesikia kwa masikio yangu. Nikainama kwenye sambaza, nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo wote huu.

Alhamisi, 19 Machi
Mvua asubuhi. Sikuanika. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaalika wale wanawake saba. Nitamwomba mwanangu msamaha mbele yao, maana mbele yao ndipo nilipomwangusha. Mzazi kumwomba mtoto! Watashangaa. Washangae. Mama Shukuru aliangalia chini, akasema ataleta viazi. Nikampigia Keza simu, akasema, sawa mama, nakuja.
Watakuja wote Jumapili, tarehe 22, baada ya misa.