Nimepata Ukuhani Uzeeni, Sasa Nataka Kuoa Mtalaka

Shangazi Mzia mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, Wayahudi wote wa hapa Kutaisi wanalijua hilo, lakini leo naomba, na mwandiko wangu uuvumilie kwa sababu shule niliiacha mapema nikaenda kushika moto wa kuchomelea vyuma, na kwa moto huo hakuna fundi aliyenifikia, vile vibanda vya Chiatura vinavyoning'inia kwenye waya juu ya bonde, vilivyokuwa vinawapeleka watu migodini, vyuma vyake nimevichomelea mimi na hakuna hata kimoja kilichoachia, waulize. Jina langu liandike, sijifichi. Ni Tengizi mwana wa Shabata.

Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, mama akahamia Chiatura kupika kwenye kantini ya mgodi, na huko sinagogi hakuna. Mama aliwasha mishumaa yake Ijumaa, nguruwe hakuingia kwetu, na aliniambia sisi ni Wayahudi, basi, zaidi ya hapo hakusema, zama zile za Wasovieti mtu hakuzungumza dini mbele ya mtoto mwenye mdomo, na mdomo nilikuwa nao. Mara moja alinileta Kutaisi kwenye kaburi la baba, nikaona jiwe limechongwa mikono miwili, vidole vimepanuliwa viwili viwili, nikamuuliza hii nini, akasema ni mikono ya ukoo wenu, twende. Mimi nikaelewa baba alikuwa bingwa wa mieleka. Nikawatisha watoto wa shule kwa jambo hilo mpaka nikaota ndevu, na hata mke wangu, Mungu amrehemu, alikufa akijua mkwe wake alikuwa mpiga mieleka.

Nilipobaki mjane nikarudi Kutaisi, na chini ya nyumba yangu anakaa Lamara. Ijumaa moja akagonga mlango, akasema, "Mzee Tengizi, wewe unayetuambia kila siku una nguvu, nibebee sufuria hii ya maharage mpaka sinagogi." Nikaibeba kwa mkono mmoja. Nilikusudia kuitua mlangoni nirudi zangu, lakini Shalva muuza nyama akanizibia njia, akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Mimi na mvi zangu naulizwa mtoto wa nani. Nikamwambia mtoto wa Shabata, bingwa wa mieleka, hata kaburi lake lina mikono. Wazee wote wakanigeukia. Shalva akasema, "Mikono ya namna gani? Onyesha." Nikaonyesha. Akavua miwani.

"Mieleka gani, punda wewe," akasema. "Baba yako alikuwa kuhani. Na wewe ni kuhani. Kaa chini kabla sijaanguka mimi."

Shangazi, wewe unajua, lakini waandikie na wasomaji wengine waelewe. Ukuhani wetu unatoka kwa baba kwenda kwa mwana, hausomewi wala haununuliwi. Kuhani wa mwisho wa sinagogi hili alihamia Israeli na wanawe wote, na tangu aondoke hakuna aliyekuwa na haki ya kusimama mbele na kuwanyooshea mikono ya baraka. Walikuwa wanasali bila baraka kama watu wanaokula bila chumvi. Rabi na Shalva wakaenda makaburini kulisoma lile jiwe, mimi nikabaki langoni kwa sababu kuhani haingii kati ya makaburi, ndipo nikajua tayari wameshanihesabu kuhani. Shalva alitoka huko analia na huku ananitukana.

Maneno ya baraka alinifundisha Shalva, duka lake likiwa wazi, anakata nyama na mimi nasema, nikikosea anagonga kisu kwenye ubao, anasema, "Hata ng'ombe huyu angekuwa ameshayashika." Nikayashika yote kwa kusikia tu. Siku yangu ya kwanza nikavua viatu, nikamwagiwa maji mikononi, shali ikafunika kichwa na mikono yangu, na watu wote wakainamisha macho, maana haifai kutazama. Sauti yangu ninayo, mpaka mwanamke aliyekaa ghorofa ya wanawake, juu kabisa karibu na dirisha, anaisikia bila taabu. Mikono hii imeshika vyuma vya moto maisha yote, Shangazi, na siku ile niliipanua vidole viwili viwili, kama ile ya kwenye jiwe la baba.

Na watu wale ni watu. Wanagombana dirisha lifunguliwe au lifungwe, na taa ile aliitoa babu wa nani, ugomvi umeanza kabla hatujazaliwa, lakini nilipolala na kichomi walijaa chumbani kwangu kila mmoja na mchuzi wake, wakagombana mchuzi wa nani niunywe kwanza, na Shalva akaniambia, "Usife. Tumekungoja sana. Ukifa sasa hivi tutakushitaki." Kuna kiti changu pale sasa. Nikichelewa hakikaliwi. Mimi niliyekulia mahali ambapo hakuna aliyejua jina la baba yangu, sasa naitwa kwa jina lake kila Sabato, kabla ya wote, kuja kusimama penye Torati.

Sasa tatizo. Nampenda Lamara. Ni mtu mzima, anapika, ana ulimi mkali kama wangu, na kila Sabato akishuka kutoka ghorofa ya wanawake huniambia, "Leo neno la mwisho umelivuta vizuri," au, "Leo umeharakisha, ulikuwa na njaa?" Lakini Lamara ni mtalaka, mumewe alimwacha kule Tbilisi kwa talaka kamili ya dini, watoto hawakupata, na sheria inasema kuhani haoi mtalaka. Nikaenda kwa rabi, kijana mdogo lakini ana akili, akaniambia, "Mzee wangu, sheria sikuitunga mimi. Ndoa hiyo siwezi kuifungisha, na ukiifunga kwingine hutapanda tena kubariki." Mwanangu aliyeko Ashdod, kule Israeli, akanipigia simu, akasema, "Baba, mbona rahisi? Sema lile jiwe si la babu, makaburi yenyewe ya zamani, nani atakupima?"

Mimi nikaamua kiume. Sabato iliyopita, watu walipokwisha kutoka kwenye meza ya chakula pale sinagogi, nikamwambia, "Lamara, nimekata shauri, naacha kubariki, nakuoa wewe." Akachukua sahani yangu, maharage yakiwa bado ndani, akaingia nayo jikoni, hakurudi. Tangu hapo ananisalimia kama anavyomsalimia mtu wa posta. Najua ni haya, wanawake wa Kutaisi wana haya, na kuposwa na mtu kama mimi si jambo la kila siku. Lakini Siku ya Upatanisho imekaribia, watajaa hata wale wasiokuja mwaka mzima, na rabi anataka kujua kama nitapanda au sitapanda. Nimwambie nini?

Ni mimi,
Tengizi mwana wa Shabata, Kuhani, Kutaisi

*

Mzee wangu Tengizi,

Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka. Kwanza hongera. Wengi huniandikia wakiwa na ndugu chungu nzima na hawana mahali pa kukaa. Wewe umepata kiti, jina la baba na watu wa kukutukana kwa upendo, kwa sababu ya sufuria moja. Na aliyekupa hiyo sufuria ni nani? Ijumaa zote kabla yako sufuria ilifika sinagogi bila mkono wako. Fikiria hilo.

Sasa nikugombeze. Mwanamke anayechukua sahani yenye chakula mbele ya mwanamume hana haya, Mzee. Ana hasira. Umeniandikia alichosema rabi, alichosema Shalva, alichosema mwanao wa Ashdod. Alichosema Lamara kuhusu ndoa hakimo, kwa sababu hukumuuliza. Ulimpa taarifa, kama fundi anayemwambia mwenye nyumba kwamba ukuta umeshavunjwa.

Hujui kwa nini amekasirika, basi nitakuambia mimi niliyekaa ghorofa ile ya juu tangu nikiwa binti. Siku za sikukuu, kule juu kila mmoja ana wake wa kumtazama pale chini, mume, mwana, kaka. Aliyeachwa bila mtoto hutazama sakafu. Halafu kuhani ananyoosha mikono, na baraka ile haiulizi wewe ni mke wa nani. Inamfika naye sawasawa na mke wa rabi. Lamara alikaa bila hiyo tangu kuhani wa mwisho alipoondoka, kama wenzake wote. Ikarudi kwa mdomo wako, na kila wiki anaisikiliza kwa makini kiasi cha kujua kama una njaa. Nawe unamwendea unasema, ile nimeitupa kwa ajili yako. Ulitegemea akushukuru?

La mwanao usilisikilize kabisa. Ukisema jiwe lile si la baba yako utapata ndoa, nakubali, na utakuwa umemzika Shabata mara ya pili, safari hii kwa mikono yako mwenyewe. Na hutaweza kukaa kwenye meza ya watu wale ukiwatazama machoni. Ukitaka kuacha ukuhani, uache kwa ukweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii mwambie rabi kwamba Siku ya Upatanisho utapanda. Bado hujaoa, haki unayo, na watu wanakungoja. Ubariki polepole, usionyeshe sauti. Watu wakishafungua mfungo, nenda mlangoni kwa Lamara, mlango ubaki wazi, umwombe radhi kwa kuamua bila yeye. Kisha muulize anataka nini. Akisema anataka ndoa, nendeni wote wawili kwa rabi mumwambie wazi, halafu utashuka ukae na wengine. Shalva atapiga kelele mwezi mzima, lakini kiti chako hatakitoa, nawajua. Akisema anataka uendelee kubariki na kuwa jirani yake, basi utakula maharage yake kila Sabato pamoja na watu, utapanda ngazi ulale kwako, na hutalalamika hata siku moja, maana atakuwa amekupenda kwa namna ngumu kuliko uliyofikiria wewe.

Lolote litakalokuwa, jibu ni la kwake. Na akianza kusema, Mzee wangu, usimkatize.

Shangazi Mzia