Wape Huo Mgongo, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mdogo wangu Daudi amenipigia simu kutoka huko hospitalini Dar. Anasema umekataa kusaini karatasi ya upasuaji, na kesho asubuhi daktari anataka jibu. Nimemtumia haya kwa simu, akusomee hata ukigeukia ukutani.

Saratani ya titi iliondoka, tukashukuru. Mionzi iliyoiondoa ndiyo ikatuachia hicho kidonda kifuani. Miaka yote hii nimekuosha kwa maji ya chumvi hapa Mandewa, kinakauka kidogo, kinafumuka tena. Nawe ukinitania, "Taratibu bwana, mimi si sufuria!" Nilicheka huku nimebana pumzi kwa ile harufu.

Nakumbuka siku ile msibani Iguguno. Ulinyoosha mikono umpokee mtoto wa binamu yangu, binamu akarudi nyuma naye. "Samahani, mama mkubwa. Wanasema mionzi bado imo mwilini." Daktari alishatuambia haimo, lakini nani angetusikiliza? Ukashusha mikono, ukaenda kusonga ugali na wenzako.

Ndiyo maana Neema wangu alipozaliwa ulisimama mlangoni tu, unamtazama. Nikakuambia ugeuke. Kifuani asingekaa, kwa hiyo nikamlaza mgongoni, nikakufunga kanga kwenye bega lililo zima. Ulizunguka ua jioni nzima, chai ukaikataa.

Sasa madaktari wanautaka mgongo huo huo. Wanasema ngozi iliyopigwa mionzi haina damu ya kutosha, haitapona kwa dawa. Lazima waikate, kisha walete nyama hai ya mgongoni pamoja na mshipa wake, wafunike shimo. Nawe umemjibu Daudi, "Na mjukuu wangu nitamweka wapi?"

Nimelia, mama. Halafu nimekukasirikia. Kidonda kimekaribia mbavu, na wewe unawaza mbeleko! Siwezi kukuahidi kwamba utambeba tena, daktari mwenyewe hajaahidi. Hicho kisu nakiogopa kama wewe. Lakini kidonda kinachoendelea kula nakiogopa zaidi.

Neema atabebwa na mimi, atabebwa na wifi, atabebwa na yeyote mwenye kanga. Baada ya miezi michache atatembea, wala hatakumbuka alibebwa na nani. Mimi ndiye nisiye na mwingine wa kumwita mama. Saini.

Ni mimi binti yako,
Mama Neema