Mama, Mimi Si Mwabudu Shetani

Mama mpendwa,

Kwawuka mana. U mzima? Na lile goti, limekubali kupanda mlima wa kanisani? Pojo zimetoka, au tembo wamekutangulia shambani tena? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeninyanyasa masikio.

Jana ulipopokea simu baada ya wiki tatu za kimya, nililia mbele ya wazee ninaowatunza, hadi mmoja akaniletea leso yake. Ulisema maneno machache tu: "Simu zina uongo. Niandikie kwa mkono, mwandiko wako naujua." Basi ndio huu, mbaya vilevile. Sikuogopa kusemwa Mbololo nzima, Mama. Niliogopa utazeeka ukiamini nimemwacha Mungu.

Ule ujumbe niliotuma kwenye grupu la familia, "Bwana wangu wa giza, hawa watatu wananiamini, nitakuletea roho zao," ulikuwa wa kumwendea Anya, mpishi wetu hapa kazini. Kidole kiliteleza. Kila Jumamosi mchana tukitoka zamu, tunakaa watu watano kucheza mchezo wa hadithi. Kila mmoja anajibunia mtu wake, Anya anasimulia safari, na dadu zinaamua nani aanguke na nani asimame. Mimi nilikuwa mganga wa msafara, kazi yangu kufunga wenzangu vidonda. Anya peke yake ndiye aliyejua kwamba kwa siri namtumikia pepo, ambaye yeye ndiye aliyemwigiza, na kwamba siku moja nitawamaliza wote.

Miezi minane, Mama! Nami unanijua, hata zawadi ya Krismasi siwezi kuificha. Wale watatu wakinishukuru kwa kuwaponya, nilikuwa naona haya kabisa, na ni mchezo tu.

Jumamosi iliyopita siku yenyewe ikafika. Nikatangaza kwamba nawapikia uji. Nikampa Anya kikaratasi, simu nimeikoma, nimeandika kwamba uji una sumu. Nikasema namimina kwenye kibuyu. Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukaendelea: "Naonja kwanza, halafu nampa mgeni."

Si ndivyo bibi alivyotulea? Uji haumfikii mgeni kabla mwenyeji hajaonja mbele ya macho yake.

Anya akaweka dadu chini. "Wakesho, umeonja?"

"Ndiyo, nimeonja," nikajibu, kisha nikashika kichwa.

Kwenye mchezo ule, ukishasema umeshatenda. Nikafa papo hapo, na kikaratasi kikasomwa mbele ya wote. Wenzangu walipiga kelele, wakanicheka mpaka machozi, halafu wakanikumbatia. Kifua kilikuwa chepesi, Mama, sijui nikuelezeje. Ulinilea vizuri mno, hata ubaya wa kuigiza umenishinda.

Nisalimie kaka Mwadime wa duka la Voi. Kunitoa kwenye grupu nimemsamehe, ila anirudishe. Msalimie pia shangazi Mghoi, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nasikia tangu Jumatano amefunga, anaomba yule mtumishi wa shetani aangamizwe. Mwambie ameangamia, tena kwa mkono wake mwenyewe. Sasa ale.

Ni mimi, binti yako wa siku zote,
Wakesho