Siku Babu Yako Alipozunguka Nyavu

Ilemela, Mwanza

Mjukuu wangu Neema,

Mama yako alinithibitishia jana kwamba umefaulu mtihani wa unahodha. Marahaba kwa shikamoo yako kutoka Bukoba. Sisi hapa wazima. Mtoto wa kaka yako ameota meno.

Umeuliza kama babu yako aliwahi kushindwa. Ndiyo, na nilikuwemo botini, mwandishi kijana niliyetumwa na gazeti. Boti mbili ziligombea abiria wa Sengerema, na wachuuzi walikuwa wamesema watahamia ile itakayotangulia siku hiyo. Tuliongoza. Katikati ya ghuba tukakuta maboya ya nyavu. Babu yako akazunguka; wenzetu wakapita juu ya nyavu.

"Tutawachemshia chai!" wakatuzomea.

"Nahodha, tushuke tusukume?" akauliza abiria wetu mmoja.

"Kaa, mzee," babu yako akamjibu. "Nyavu zile zina mwenyewe."

Tulishindwa, na wachuuzi wakahama kweli. Mimi niliandika habari ya mshindi tu, nyavu sikuzitaja. Hakunilaumu, hata baada ya kunioa. Huu ni mwaka wa nne tangu tumzike, na nikisikia honi ya boti bado natazama saa.

Mama yako anasema mtaingia Mwanza Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakuwa gatini. Ukichelewa, nitasubiri.

Bibi yako